Kornea Inaweza Kungoja Siku 14 kwa Friji, Lakini Familia Yako Iko na Masaa Tu ya Kuamua

Kuna simu beshte yangu alipigiwa na hajawahi kuisahau. Ilikuwa Jumanne asubuhi, akiwa kwa mat akielekea tao. Hospitali ilimwambia hivi: kornea yako imefika kutoka nje, tunaweza kukufanyia operesheni wiki hii. Lakini kuna balansi haijalipwa, na inafaa iingie kabla ya Ijumaa.

Mathe yake alipigia kila mtu. Wamama wa chama, watu wa kanisa, anko wa Nakuru, hadi ile grupu ya WhatsApp ya familia ambayo kawaida ni ya kutumiana maombi ya asubuhi tu. Ijumaa ikafika wakiwa na nusu ya doo. Kornea ikaenda kwa mgonjwa aliyekuwa nyuma yake kwa laini.

Kwa hii stori hakuna mwizi. Hakuna mtu alikula pesa, hakuna daktari alimchukia. Ni vile tu kornea iko na tarehe ya kuisha kama maziwa ya paketi, na hiyo tarehe ilikuwa inakaribia.

Nilibaki na maswali mawili. Hii kitu huwekwa aje hadi inaharibika haraka hivyo? Na kwa nini tunangoja iletwe na ndege, na hapa Kenya tunazika watu kila wikendi?

Kwanza, kornea ni gani?

Angalia mtu machoni. Ile rangi ya kahawia ama nyeusi unaiona si kornea. Kornea ni kile kioo kisicho na rangi kinachofunika hapo mbele, kama glasi ya saa ya mkono. Unene wake ni karibu nusu milimita. Mwanga wote unaoingia jichoni lazima upitie hapo, kwa hivyo ikichafuka ama ikipinda, hata kama jicho lingine lote ni poa, huoni kitu.

Beshte yangu ako na keratokonasi. Kornea yake imekuwa nyembamba na imechongoka mbele kama koni. Huu ugonjwa mara nyingi huanza ukiwa tineja, na madaktari wanauhusisha sana na kufikicha macho, hasa wasee wenye alaji. Tukiwa sekondari alikuwa anafikicha macho siku mzima, tukimcheka ati amevuta kitu. Mimi niliwacha koleji juu ya karo. Yeye aliwacha juu hakuwa anaona ubao.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema kuna njia za kuusimamisha, kama ile ya matone ya vitamini B2 na mwanga maalum. Kuna pia lenzi ngumu za kuvaa. Lakini ikishazidi, inabaki kubadilisha kornea. Wengine wanafika hapo kupitia vidonda vya macho vilivyocheleweshwa, ajali, ama kemikali kama chokaa na asidi ya betri.

Na usichanganye mambo. Mtoto wa jicho hautibiwi na kornea, na presha ya macho ikishaua mshipa wa jicho, kornea mpya haiwezi kurudisha kitu. Na hakuna hospitali popote inaweza kukuwekea jicho lote la mtu mwingine ukaanza kuona.

Kutoka kitanda jirani hadi kwa friji

Operesheni ya kwanza ya kornea kufaulu kwa binadamu ilifanywa tarehe 7 Desemba 1905, mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Daktari alikuwa Eduard Zirm. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyechomwa macho na chokaa. Kornea ilitoka kwa mtoi wa miaka 11 ambaye jicho lake liliumia vibaya hadi ikabidi litolewe.

Cheki vile hiyo ilitegemea bahati. Mwenye kutoa na mwenye kupokea walikuwa kwa jengo moja, wakati mmoja. Kuweka haikuwa kwa hesabu kabisa. Kama yule kibarua angekuja mwezi mmoja baadaye, pengine angekufa kipofu.

Miaka ya 1930, daktari Vladimir Filatov wa Odessa akaonyesha kwamba kornea ya mtu aliyekufa inaweza kufanya kazi ikiwekwa kwa baridi. Hiyo ilibadilisha mchezo, juu sasa hukuhitaji mtu aliye hai apoteze jicho. Mwaka wa 1944, R. Townley Paton akaanzisha benki ya macho New York, ya kwanza duniani.

Lakini hizo benki za kwanza zilikuwa zinaweka jicho zima kwa chombo chenye unyevu, kwa friji ya nyuzi 4, na ulikuwa na siku moja ama mbili tu. Daktari alikuwa anaamshwa usiku wa manane ndio awahi.

Mwaka wa 1974, watafiti wawili, McCarey na Kaufman, wakatengeneza maji maalum ya kuweka kornea. Badala ya kuweka jicho zima, unakata ile kornea na ukingo mdogo mweupe wa pembeni, unaiweka ndani ya hayo maji, na inakaa siku tatu au nne. Baadaye zikaja dawa kama Optisol, ambazo zinaisongesha hadi siku 14 kwa nyuzi 2 hadi 8. Ulaya wako na njia yao nyingine: hawaiweki kwa baridi. Wanaiweka kwa joto linalokaribia la mwili, nyuzi 30 hadi 37, na inaweza kukaa karibu wiki nne.

Sasa mbona isigandishwe kabisa kama kuku, ikae miaka? Juu ya seli. Upande wa ndani wa kornea kuna safu moja tu ya seli ambazo kazi yao ni kutoa maji nje ili kioo kibaki safi. Hizo seli ukizaliwa nazo ndio hizo, zikifa hazirudi. Barafu inazipasua. Kuna kornea huwekwa kwa gliserini kwa muda mrefu zaidi, lakini hizo ni za kuziba jicho lililotoboka. Seli zake zimekufa, kwa hivyo si za kumpa mtu macho safi.

Ndio maana benki ya macho si friji tu. Kornea ikifika, damu ya aliyefariki inapimwa HIV, hepataitisi B na C, na kaswende. Halafu kornea inawekwa chini ya hadubini na seli zinahesabiwa. Benki nyingi zinataka angalau seli 2,000 kwa kila milimita mraba. Ikiwa chini ya hapo, haiendi kwa mgonjwa anayehitaji hizo seli. Kila siku kwa friji seli zingine zinapotea, ndio hiyo tarehe ya kuisha inatoka.

Rudi kwa beshte yangu. Kornea yake ilitoka nje. Siku zake za kwanza ziliisha ikipimwa huko na ikisafiri. Ilipofika Nairobi, zile siku 14 zilikuwa zimebaki chache. Hizo chache ndizo mathe yake alikuwa anakimbizana nazo.

Hapa ndio kuna noma

Tuongee ukweli kuhusu vile tunakufa hii nchi. Msee akidedi leo, mwili unapelekwa mochari. Kamati inakaa. Bajeti inaandikwa, paybill inafunguliwa, mikutano ya jioni inaanza. Watu wa kutoka majuu wanangojwa. Kwa familia nyingi, kutoka kifo hadi kaburi ni wiki moja, zingine mbili.

Siku 14. Muda ule ule kornea inaweza kungoja kwa friji.

Yaani tuko na muda mob wa kuongea kuhusu rangi ya jeneza, nani atasoma wasifu na kama pilau itatosha. Lakini kornea haijui kamati. Inafaa itolewe mapema iwezekanavyo. Benki nyingi huzungumzia masaa 6 hadi 12 baada ya kifo, na mwili ukiwekwa kwa baridi haraka, inaweza kusongeshwa hadi karibu 24. Na mochari wakishadunga mwili fomalini, hiyo stori imeisha. Seli zote zimeenda.

Kwa hivyo sayansi imetununulia wiki mbili baada ya kornea kutolewa. Kabla ya kutolewa, hakuna maabara inaweza kutusaidia. Hayo masaa ya kwanza ni ya familia. Ni ya mathe anayelia kwa korido ya hospitali, na anko anayetafuta gari la kubeba mwili. Na hapo ndipo mtu anakuja na koti jeupe kuuliza, "Samahani, mngependa kutoa macho ya marehemu?"

Kama hiyo ndio mara ya kwanza familia inasikia hilo swali, jibu ni la. Mimi pia ningesema la. Si ati ni roho mbaya, ni juu hakuna mtu anataka kuamua kitu kama hicho akiwa na machozi.

Huo ndio upungufu wetu mkubwa. Friji tunaweza kununua, na sheria tayari iko. Sheria ya Afya ya 2017 inakuruhusu, ukiwa na akili timamu, kutoa viungo vyako vitumike ukishakufa. Unaweza kuandika kwa wosia, kuandika karatasi mbele ya mashahidi wawili, hata kusema tu kwa mdomo mashahidi wawili wakisikia. Benki ya macho pia iko: Lions SightFirst Eye Hospital pale Loresho, Nairobi. Kenye hakuna ni ile stori ya mezani, kabla mtu hajafa.

Na si sisi pekee. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani wanangoja kornea, na kwamba inapatikana moja tu kwa kila 70 zinazohitajika.

Waliotoboa hawakuwa matajiri

Unaweza kudhani hii ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Hapana. Mojawapo ya nchi zinazojulikana sana kwa kutuma kornea duniani ni Sri Lanka.

Mwaka wa 1958, msee mmoja aliyekuwa anasomea udaktari, Hudson Silva, aliandika kwa gazeti akiomba watu watoe macho yao wakishakufa. Maneno peke yake hayakutosha. Mamake alipofariki 1960, yeye mwenyewe akahakikisha kornea zake zimepewa mkulima maskini. Hapo watu wakaanza kumwamini. Mwaka wa 1964 akatuma macho Singapore, yakiwa ndani ya flaski yenye barafu, kama ile shosh anawekea chai. Tangu hapo Sri Lanka imetuma makumi ya maelfu ya kornea kwa nchi zaidi ya 50. Rais wao wa zamani, J. R. Jayewardene, alipofariki 1996, kornea zake zilienda kwa watu wawili Japani.

Halafu kuna stori ya Puneeth Rajkumar, na hii wapenzi wa muvi watanielewa. Alikuwa staa mkubwa wa filamu za Kikannada, kusini mwa India. Alifariki ghafla Bengaluru tarehe 29 Oktoba 2021, akiwa na miaka 46. Mji ulisimama. Lakini siku hiyo hiyo, familia iliruhusu macho yake yachukuliwe. Madaktari wa Narayana Nethralaya waligawanya kila kornea mara mbili, safu ya mbele kwa mgonjwa mmoja na ya nyuma kwa mwingine. Macho mawili, watu wanne.

Familia iliamua haraka aje, katikati ya hiyo huzuni yote? Juu haikuwa stori mpya kwao. Babake, Dr. Rajkumar, staa mkubwa hata kumliko, alipofariki 2006 macho yake pia yalitolewa. Nyumba hiyo ilikuwa imeshaongea. Na baada ya Puneeth, mafans wakajitokeza kwa wingi kujiandikisha kutoa macho.

Hapa kwetu bado hatujapata hiyo siku. Lakini usiniambie mila zetu haziwezi kusonga. Wangari Maathai alichomwa 2011, Kenneth Matiba 2018, na watu waliguna kisha wakaheshimu. Raila Odinga aliwacha neno kwamba azikwe haraka, ndani ya masaa 72. Alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, na tarehe 19 akawa amezikwa Bondo. Mtu ambaye tungetarajia matanga ya mwezi mzima! Nchi nzima ilikimbia na hiyo ratiba kwa sababu moja tu: mwenyewe alikuwa amesema.

Neno la marehemu likijulikana, hata wazee wa ukoo wanashika adabu.

"Wataniua ndio wauze macho yangu"

Najua hiyo ndio kitu unafikiria, na si ujinga. Mwaka wa 2025 tuliona ile kashfa ya figo kule Eldoret. Kulikuwa na madai ya vijana kulipwa kutoa figo, na Waziri wa Afya Aden Duale akasimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali iliyotajwa. Baada ya hiyo, msee akiskia "kutoa kiungo" anafikiria soko.

Lakini tofautisha. Figo inatoka kwa mtu aliye hai, na hapo ndipo mabroka wanapata mtu aliye broke wa kumdanganya. Kornea inatoka kwa mtu ambaye tayari amefariki, na familia inajua na imekubali. Broka hawezi kukuambia utoe jicho Jumatatu urudi job Jumatano.

Hiyo haimaanishi tulale. Kornea hainunuliwi, lakini kuna gharama za kuitoa, kuipima, kuiweka na kuisafirisha, na mtu huzilipa. Tukiwa na haki ya kuuliza kitu, ni hii: hizo gharama ni ngapi, nani anaamua nani yuko wa kwanza kwa laini, na kornea ngapi ziliingia na ngapi zilitupwa mwaka huu. Benki ya pesa ikikuficha balansi unahama. Benki ya macho pia inafaa kufungua vitabu, juu inaishi kwa kuaminiwa.

Zile hofu zingine ni ndogo. Uso hauharibiki, kope zinafungwa na waombolezaji hawajui tofauti. Kazi yenyewe huchukua chini ya saa moja, kwa hivyo hata familia ya Kiislamu inayozika siku hiyo hiyo haicheleweshwi na operesheni. Ukivaa miwani, uko sawa. Ukiwa na sukari ama presha, mara nyingi bado uko sawa. Hata shosh wa miaka 75 aliyetolewa mtoto wa jicho anaweza kusaidia. Wanaokataliwa ni kama wenye HIV, hepataitisi, kichaa cha mbwa, saratani za damu, ama kifo ambacho chanzo chake hakijulikani.

Sasa tufanye nini?

Kujiandikisha ni poa, fanya. Lakini kadi kwa wallet haiongei. Ukidedi, simu itapigwa kwa mathe, si kwa kadi. Na mathe akisema la, hakuna daktari atabishana naye kwa korido.

Kwa hivyo kazi ya kweli ni ndogo na ni ngumu. Leo jioni, mkiwa mnakula, sema. "Mathe, nikifa kabla yenu, macho yangu wapewe mtu." Atakuambia ushindwe. Atauliza nani amekuroga. Shosh atashika Biblia. Mwache amalize, halafu rudia, na siz ama bro awe hapo ndio muwe na mashahidi wawili. Muulize pia yeye angependa aje. Hiyo stori ya dakika tano ndio itatumika kwa yale masaa sita ambayo hakuna mtu atakuwa na akili ya kufikiria.

Na kama uko na msee anafikicha macho kila saa na kubadilisha miwani kila mwaka, usimcheke vile sisi tulifanya. Mpeleke apimwe kornea.

Beshte yangu bado ako kwa laini. Jicho la kulia anavaa lenzi ngumu, inamuumiza lakini anaona kiasi. La kushoto linangoja. Simu haizimi tena, hata usiku, na mathe yake alifungua akaunti ambayo hakuna mtu anagusa.

Kila wikendi anaenda matanga ya mtu kama sisi wote. Wiki iliyopita aliniambia kitu na sijajua nimjibu aje. Alisema akiwa hapo kwa laini ya kutazama mwili, anaangalia yale macho yaliyofungwa, na anafikiria: hizi kornea zilikuwa hapa tu, kilomita mbili kutoka kwetu, na hakuna mtu aliuliza.